Kifaa Hakisomi Boksi Lake

Vijana wangu, mkiona neno "hadi" limeandikwa kwenye boksi la kadi ya grafiki, shikeni pochi zenu vizuri. "Hadi mara mbili ya kasi." Hadi! Hata mimi naweza kunywa hadi kreti mbili za bia. Siku gani, na kwa hisani ya nani, boksi halisemi.

Nawaandikia ninyi mliofungua vibanda vya kompyuta pale stendi ya Ngara, mnaobishana mchana kutwa kuhusu kadi ambazo hamjawahi kuzigusa hata kwa kidole. Nawasikia nikipita kununua ndizi. Mmoja anaapa kwamba hii mpya itaimeza ile ya zamani asubuhi tu, kabla ya chai. Mwingine anabisha. Wa tatu anatoa simu kuonyesha grafu, na grafu hiyo kaitoa kwa mtu mwingine ambaye naye hajaigusa. Siwacheki. Haya, nawacheka, lakini kwa huruma, maana ubishi huo niliuanza mimi. Mimi Deogratias, miaka thelathini na ushee nikishika bisibisi, ndiye niliyekuwa mtabiri mkuu wa kadi za grafiki kuanzia Rulenge mpaka Kabanga, na utabiri wangu mmoja nusura umuuzishe mzee wa watu dume lake la kulimia. Kaeni niwaeleze. Shikamoo zenu nimeshazipokea zote kwa mkupuo, marahaba, msinikatize.

Mimi nilianzia kwenye redio. Aliyenifundisha ni Mzee Leonidas, mtu mfupi, mkali, miwani yake imefungwa kwa waya wa kulehemu. Siku moja mteja alileta redio mpya ya bendi kumi na mbili, akauliza itakamata stesheni gani. Nikawahi kujibu mimi, kiherehere: "Hii itakamata dunia nzima!" Mzee Leonidas akanigeukia.

"Umeisikiliza?"

"Bado, mzee."

"Sasa umejuaje?"

"Imeandikwa kwenye boksi."

Akaifungua palepale mbele ya mteja. Ndani mlikuwa na bendi tatu. Tisa zilizobaki zilikuwa rangi tu, zimechorwa juu ya kioo. Akanizaba kofi la kisogo ambalo nikiinama vibaya bado nalisikia, akasema: "Kifaa hakisomi boksi lake, wewe mtoto." Ningekuwa nimelishika neno hilo, leo nisingekuwa na cha kuwaandikia.

Jambo la pili mnalotakiwa kulijua ni kwamba sisi mafundi tuna jina baya, na tumelichuma wenyewe. Mtu analeta redio yake, anarudi nyumbani na spika ya jirani. Ndiyo maana watu wa kwetu hawakupi kitu mpaka wakiwekee alama. Wengine wanakwaruza kwa msumari, wengine wanaandika jina la ubatizo. Akina mama wanatumia rangi ya kucha.

Hapo ndipo anapoingia Jenoveva wa Nyamiaga. Jenoveva anapiga video za harusi, vipaimara na misiba, mama wa makamo, mpole wa sauti ila macho yake ni ya hakimu. Siku ya kwanza nilipofungua kompyuta yake nilidhani imepata surua. Nukta nyekundu kila mahali! Kwenye kadi ya grafiki nukta, kwenye feni nukta, kwenye nyaya nukta, mpaka skrubu nazo kazipaka. Nikakasirika kweli.

"Jenoveva, yaani mimi ni mwizi?"

"Hapana, mzee," akasema bila hata kuinua macho. "Wewe ni fundi."

Niliumeza ule mwiba, nikaendelea kumtengenezea kwa miaka mingi, na sikuwahi kumwibia hata skrubu. Alama nazo hakuacha kupaka.

Sasa, kwa nini mpiga video za harusi atake kadi nzuri ya grafiki? Kwa sababu siku hizi harusi haitoshi kuwa harusi. Zamani watu walionekana wanaoa, basi. Siku hizi maharusi lazima watembee juu ya mawingu. Mioyo iruke. Jina la bwana harusi liwake moto. Shangazi akicheza, achezeshwe polepole mpaka uone kila tone la jasho lake linavyodondoka. Kompyuta inapaswa kupika mambo hayo yote yawe filamu moja, na kazi hiyo tunaiita kurenda. Kadi ikiwa dhaifu, unarenda harusi mpaka mtoto wa kwanza anazaliwa.

Mwaka huo, kabla sijastaafu, zikatoka kadi mpya. Mimi makao yangu makuu ya utabiri yalikuwa kwa kinyozi karibu na soko. Kanuni yangu ilikuwa moja, nyepesi: namba ikikua, kasi inakua. Kadi ya Jenoveva ilikuwa ya kizazi cha nyuma, namba yake ndogo. Hii mpya namba yake ilikuwa kubwa. Nikawatangazia waliokuwa wakisubiri kunyolewa kwamba ile mpya itaipita ile ya zamani mara mbili, tena nimekuwa na huruma. Mtu mwenye povu nusu kidevu akauliza nimejuaje. Nikamwambia uzoefu.

Sikilizeni, hili niliwauzia wengine kwa ujinga, ninyi nawapa bure. Namba ya kadi inasema mambo mawili. Mwanzo wa namba ni mwaka wa kuzaliwa. Mwisho wa namba ni cheo. Mtoto wa darasa la pili wa mwaka huu hamwezi kijana wa darasa la saba wa mwaka juzi, hata kama sare yake ni mpya inanukia duka. Kadi ya zamani ya Jenoveva ilikuwa darasa la saba. Hii mpya niliyokuwa naipigia debe ilikuwa darasa la pili. Mimi nikaangalia sare.

Jenoveva alisita. "Mzee, hii ya zamani haijawahi kunikosea."

"Imezeeka."

"Hata wewe umezeeka."

"Ndiyo maana nakushauri," nikamjibu, nikajiona nimeshinda.

Alikuwa na harusi ya Kibimba mkononi. Mwenyekiti wa kamati, mwalimu mkuu mstaafu, mtu wa kuitisha kikao hata cha kununua chumvi, alitaka filamu iwe tayari Jumamosi, siku ya kuvunja kamati, watu wale, wanywe, wajitazame. Asipoipata, harusi zote za ukoo ule zingekwenda kwa kijana mmoja wa Biharamulo mwenye kamera inayoruka. Jenoveva alikuwa anasomesha watoto kwa harusi hizo. Akaniuliza mara ya mwisho: "Una hakika?" Nikapiga kifua. "Ikishindwa, mimi si fundi, niiteni mchunga mbuzi." Akakubali. Tukapatana kwamba ya zamani nitaichukua nimtafutie mnunuzi.

Kadi mpya ikaja na basi la Mwanza, boksi linang'aa. Alhamisi Jenoveva akaenda kusali jumuiya, akaniachia ufunguo wa studio. Nikachomoa ya zamani, nikachomeka mpya. Halafu nikafanya jambo moja la maana katika hadithi hii yote: nikapima. Nilikuwa na kipande changu cha kupimia, dakika kumi za kukata keki, na mioyo yake na mawingu yake. Kadi ya zamani ilikuwa inakimaliza kwa dakika sita. Nikawasha mpya, nikashika saa, nikavuta kiti kwa madaha.

Dakika sita zikapita. Nane. Kumi. Bwana harusi bado ameshika kisu. Dakika kumi na nne! Nikasema labda imeshtuka, safari ilikuwa ndefu. Nikarudia. Kumi na nne. Nikarudia mara ya tatu huku nasali rozari, na hakuna kilichobadilika.

Ndipo nikasoma yale maandishi madogo nyuma ya boksi, ambayo mtabiri huwa hayasomi. Kadi ile ilitengenezwa kwa ajili ya michezo, na kile kipande cha ndani kinachosaidia kuifunga video iwe faili moja, watengenezaji walikuwa wamekiondoa ili kubana matumizi. Tena ilitaka tundu la kisasa la kuchomekea. Kwenye mashine ya zamani kama ya Jenoveva ilipata njia nyembamba tu ya kupitishia mambo yake. Na ile "mara mbili" waliyoisema? Walikuwa wameilinganisha na kadi ya kale ambayo hata mimi nilikuwa nimeizika. Boksi halikudanganya hata neno moja, nawaambia. Mwongo alikuwa mmoja tu, amekaa kwenye kiti ameshika saa.

Mngefanya nini? Najua, mngesema ukweli. Hongereni. Mimi niliona uso wa Jenoveva, nikaona kinyozi na wateja wake wote na mapovu yao, nikashikwa na haya. Nikachomoa kadi mpya, nikarudisha ya zamani. Kwanza nikaipuliza vumbi la miaka, nikaipaka dawa mpya ya kupoza joto, nikaitoa mashine kwenye zulia ipate hewa. Ile ya darasa la saba, kumbe ilikuwa inakabwa na vumbi tu! Ikamaliza keki kwa dakika nne. Nikafunga bati la mashine, nikakaza skrubu, na ile mpya nikaifunga ndani ya soksi zangu za Jumapili, nikaenda kuificha kabatini kwangu. Nimefanya kazi maisha yangu yote sijamwibia mteja, na siku niliyoiba, niliiba kwa kumrudishia mali yake.

Filamu ikatoka kabla ya Jumamosi. Mwenyekiti alijiona anatembea juu ya mawingu, akalia. Jenoveva akanishukuru mbele za watu, na kule kwa kinyozi nikapewa kiti changu cha kudumu. "Mzee Deo alisema!" Ikawa ndiyo hoja ya kumaliza ubishi. Watu walinipigia simu kutoka Rulenge kuuliza utabiri wa kadi ambazo hazijatoka kiwandani. Nami nikawa natabiri, jamani. Ukishaonja utukufu huuachi kirahisi.

Hiyo ilikuwa Juni. Oktoba, mawingu ya mvua yameanza kujikusanya, akaja Mzee Masanja kutoka Kaniha kule Biharamulo, Msukuma wa jembe na mifugo, fimbo mkononi.

"Mwangaluka, fundi!"

Nikaitikia. Kisukuma changu ni cha mnadani, lakini salamu naiweza.

"Nimesikia habari ya ile mashine ya halusi," akasema. "Binti yangu Kabula anapiga picha mashindano ya ngoma. Anasema kompyuta yake inachelewa, wachezaji wanazeeka humo ndani. Nataka hiyo kadi mpya. Lakini kwanza niulize. Mimi ng'ombe mpya akiletwa, simwangalii pembe. Nauliza mama yake alitoa maziwa kiasi gani, halafu najiuliza, kwangu atakula nini? Ukileta ng'ombe wa kisasa kwenye majani yangu makavu anakupa kikombe kimoja na macho ya kukulaumu. Sasa hii kadi, mama yake ni nani? Na ndani ya mashine ya Kabula kuna majani gani?"

Vijana, somo zima la kazi yangu, tangu tundu la kuchomekea mpaka cheo cha kadi, yule mzee kalimaliza kwa pumzi moja na hajawahi kushika bisibisi. Mnajua nilimjibu nini? Nikamwambia: "Mzee Masanja, hii ni teknolojia." Hilo ndilo jibu la mtu aliyeishiwa.

Akainamisha kichwa kwa heshima, ndicho kilichoniumiza. "Basi sawa, wewe ndiye mjuzi. Keshokutwa kuna mnada, namtoa dume mmoja wa kulimia. Kesho napita Nyamiaga na Kabula nione ile mashine kwa macho, halafu naenda zangu."

"Dume la kulimia? Na mvua hizi zinakuja?"

"Mzee Deo alisema," akanijibu huku anacheka, akaondoka.

Madume ya Masanja yalikuwa mawili tu. Jembe halivutwi na dume mmoja, hata mtoto wa mjini anajua. Mchana ule ugali ulinishinda. Mke wangu akanitazama, akatazama kabati, akasema: "Deo, ile soksi yenye kona nne, unadhani sijaiona? Nenda kaseme." Njia ya mwongo ni fupi, lakini mimi nilikuwa nimeirefusha mpaka Kaniha.

Kesho yake nikapanda bodaboda hadi Nyamiaga, soksi kifuani. Nikawakuta wote watatu studio, Jenoveva amewapa chai, Kabula amekaa mbele ya mashine anaangalia maharusi wakielea. Mzee Masanja ameridhika kabisa. "Fundi, nimeona. Inakimbia. Kesho dume anakwenda."

"Dume asiende," nikasema.

Nikatoa soksi, nikatoa kadi mpya, nikaiweka mezani katikati ya vikombe. Nikasema yote. Utabiri, keki, dakika kumi na nne, vumbi, kila kitu. Nikamwambia Masanja kwamba anachokiona kinakimbia ni ng'ombe mzee aliyeogeshwa. Nikamwambia Jenoveva kadi yake mpya ni hii hapa, na kwamba mimi ni mwongo, na kama kuna mbuzi wa kuchunga niko tayari.

Masanja akaikodolea macho ile kadi, akaikodolea ile soksi, halafu akaanza kucheka, cheko la kutoka tumboni, mpaka fimbo ikamdondoka. "Kabula mwanangu! Nusura nilime kwa meno!"

Kabula hakucheka. Alikuwa mtu wa kazi yule. Akafungua begi, akatoa kompyuta yake na kipande chake cha ngoma. Tukaifungua. Humo ndani mlikuwa na vumbi la kutosha kupanda mihogo. Tukasafisha, tukapaka dawa, tukapima kipande chake mwenyewe, na kadi yake mwenyewe, mara tatu, bati limefungwa. Ikakimbia vya kutosha. Hivyo ndivyo mnavyotakiwa kupima, basi, sina siri nyingine: kazi yako, mashine yako, saa yako. Masanja akarudi Kaniha na madume yake mawili bado yako zizini.

Nikabaki na Jenoveva. Nilitegemea matusi, na kwa kweli ningeyapokea. Akachukua bisibisi, akafungua bati la mashine yake, akanionyesha ndani. Kwenye pembe ya kadi ya zamani, ndogo kama punje ya ulezi, ilikuwepo nukta nyekundu. Kadi niliipuliza, niliisugua, niliipaka dawa. Ile nukta sikuiona. Miaka yote zilivyoniudhi, nilikuwa nimeshazizoea.

"Umejua tangu lini?" nikauliza.

"Tangu Jumapili ile, baada ya kuvunja kamati. Nilifungua ili niipake kadi mpya alama yangu. Nikakuta alama ipo tayari."

"Na ukanishukuru mbele za watu?"

"Nilikushukuru Jumamosi. Nilijua Jumapili." Akakaa. Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Nimepaka vitu vyangu rangi miaka yote hii ili nimkamate fundi atakayeniibia, mzee. Nikaja kukukamata wewe, unanirudishia. Sikujua nifanye nini. Nikasema ngoja, ataniambia mwenyewe. Leo ataniambia. Kesho ataniambia. Ukawa unakuja hapa, unakunywa chai yangu, unaniuliza kadi mpya inaendeleaje, na ya zamani unasema mnunuzi bado hajapatikana."

Nilitamani ardhi ipasuke, nasema kweli. Nikamwomba radhi. Akaitikia kwa kichwa, akaanza kurudisha skrubu zake moja moja, kila moja na nukta yake.

"Mashine yangu hii ya zamani," akasema, "inanitolea harusi nzima, mawingu na mioyo yake, kwa saa tatu. Wewe neno moja limekuchukua miezi minne."

Akacheka kidogo, akanimiminia chai, na tumebaki marafiki. Lakini neno hilo halikubaki studio. Kuanzia Nyamiaga mpaka kwa kinyozi sokoni hakuna anayeniita tena Mzee Deo. Wananiita Miezi Minne. Nanyi mkiniona napita stendi kununua ndizi, huku mnabishana ipi itaimeza ipi, niiteni hivyohivyo. Naitika.